Uzazi wa Kiporo

Soweto, Moshi
21 Januari 2024

Mama, shikamoo.

Natumaini hujambo na nyumbani kote ni salama. Sisi huku hatujambo. Godlove yuko mlimani na wageni, atashuka Alhamisi. Flavia ni mzima, anasumbua tu.

Ninaandika kwa sababu mbili. Kwanza, kuomba radhi kwa Krismasi. Najua ulipika na kuita watu, na mimi muda mwingi nilikuwa nimesimama kule juu kwenye meza ya kuanikia kahawa kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Hellen jirani yako alinifikishia maneno yako, kwamba ulidhani kahawa imepata mlinzi. Msimu ndio huu, Mama. Wageni wanapanda kwa wingi mwezi huu na mwezi wa pili, na ambao hawajafika wanauliza maswali usiku kucha kwa sababu kwao ni mchana. Mimi ndiye ninayejibu.

Pili, naomba dawa. Silali vizuri tangu mwaka jana. Nikilala naamka kabla ya jogoo, nimechoka kuliko nilipolala. Nimepima malaria, hakuna. Presha iko sawa, damu iko sawa. Daktari amesema ni uchovu wa kazi uliopitiliza, nipumzike. Nikamuuliza nipumzike kwa dawa gani, akaita mgonjwa anayefuata. Wiki iliyopita wageni wa njia ya Machame niliwatumia gari likawashusha geti la Marangu. Wapagazi na mahema wako Machame, wageni wako Marangu wamesimama na fimbo zao. Bosi hakugomba. Alisema tu kwamba mtu anayetarajiwa kuwa meneja mwezi wa saba hachanganyi mageti.

Wenzangu ofisini wanatumia vitu vya asili: tangawizi, mlonge, ubuyu, asali. Huko kihambani, chini ya migomba yenu, najua kuna majani ya kila kitu. Nitumie ya usingizi na ya nguvu za asubuhi. Hellen akija na ndizi zake sokoni Mbuyuni nitayafuata. Ningekupigia, lakini najua simu inakuletea kelele tu sikioni.

Nataka nifike mwezi wa saba nikiwa bado nimesimama.

Ni mimi mkweo,
Mama Flavia


Mbokomu
30 Januari 2024

Mama Flavia,

Marahaba. Sisi hatujambo. Ng'ombe amezaa, dume. Bega langu la kulia linanisumbua tangu nilipopandisha mzigo wa majani kutoka kule tambarare, lakini linabeba. Wewe kama hujambo hujaniambia. Umesema "sisi".

Nakuletea mchaichai. Usiupe sifa. Ni ule ule unaoota pembeni ya mfereji wetu wa mfongo, pale maji yanapoingia kwenye migomba yetu, ambapo Flavia anapenda kuosha miguu. Kunywa jioni halafu zima simu. Ukinywa bila kuzima simu utakuwa umekunywa maji ya moto yenye harufu nzuri.

Majani ya nguvu za asubuhi hapa hatuna. Ng'ombe akichoka tunamwacha alale. Sijasikia mtu aliyempa kitu ili asahau kwamba amechoka.

Ile habari ya mageti niliicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Barua zako usiziandike kwa kwanza na pili. Mimi si ofisi.

Mama yako,
Bibi Flavia


Soweto
25 Februari 2024

Mama, shikamoo.

Natumaini hujambo. Sisi hatujambo. Godlove alishuka, ameshapanda tena.

Asante kwa mchaichai, nimeumaliza. Haukufanya kazi, pengine kwa sababu simu sikuzima. Siwezi kuzima. Mgeni akiuliza usiku asijibiwe, asubuhi ameshalipa kampuni nyingine. Naomba kitu chenye nguvu zaidi. Hellen anasema kuna mizizi.

Nikueleze jambo kwa kuwa sina mwingine wa kumweleza. Jumamosi Flavia alijikwaa kwenye ngazi ya mlango akapasuka kidevu. Nilikuwa namwandikia mgeni kuhusu uzito wa mabegi. Nikamaliza sentensi, nikaituma, ndipo nikaenda kumwinua. Nikakuta Scola ameshafika kabla yangu. Ni yule jirani wa Tabora ambaye mume wake yuko kiwanda cha sukari, na yeye alitokea nyumba ya pili. Damu ilikuwa imeshafika kwenye gauni la mtoto.

Kidevu kimeshonwa, kinapona. Si kidevu kinachonisumbua. Sikushtuka, Mama. Nilimtazama mwanangu anatoka damu na ndani yangu kulikuwa kimya kama ofisini Jumapili. Najua nampenda. Najua kama ninavyojua tarehe yake ya kuzaliwa. Ila sikusikia kitu siku ile, na mpaka leo sisikii. Hilo linaniogopesha kuliko bosi.

Siku hizi ana mchezo. Anachukua kiatu anakiweka sikioni anasema, "Pole kwa kusubiri, nakujibu sasa hivi." Halafu anakiweka chini, hajibu.

Nitumie hiyo mizizi.

Mkweo,
Mama Flavia


Mbokomu
3 Machi 2024

Mama Flavia,

Marahaba, mwanangu. Hatujambo. Bega ni lile lile. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nimesimama.

Mizizi hakuna. Hellen auze ndizi. Sasa nisikilize.

Umeolewa hapa, desturi unaijua, ila umeiona kwa wenzako tu. Mwanamke akijifungua anaingia ndani miezi mitatu. Hashiki jembe wala jiko, hachoti maji. Mama mkwe anampikia mtori wa ndizi na nyama, anampa maziwa na kisusio cha damu ya mbuzi, anamchemshia maji ya kuoga. Yeye kazi yake ni kulala na kumtazama mtoto. Wasiojua wanasema ni ili maziwa ya mtoto yatoke. Yatatoka, ndiyo, lakini anayelelewa pale ni mama. Mtu ametoa mtu mwilini mwake, lazima arudishwe alivyokuwa, na kurudishwa kunachukua muda.

Wewe hukupata. Ulipomzaa Flavia, Baba Godlove alikuwa amelazwa, nami nalala kwenye mkeka chini ya kitanda chake mpaka akafariki. Tukazika. Matanga yanaisha, wewe umesharudi ofisini na mtoto yuko kwa Scola. Hakuna aliyekosea. Lakini uzazi wako ulibaki kiporo, na mpaka leo unatembea nao.

Kwa hiyo njoo. Nimeshafunga mbuzi nyuma ya nyumba, yule mweupe. Njoo na Flavia, simu mwachie Godlove. Usiniambie mtoto ana miaka minne. Najua kuhesabu.

Mama yako,
Bibi Flavia


Soweto
12 Machi 2024

Mama, shikamoo.

Natumaini hujambo. Nashukuru sana kwa barua na kwa mbuzi.

Ila haiwezekani kwa sasa. Likizo ya uzazi bila mtoto mchanga nitaiombaje? Bosi atadhani nimechanganyikiwa, na umeneja utaenda kwa Shedrack ambaye amekuja juzi tu. Labda Pasaka nitakuja mara moja, nilale siku mbili tatu nirudi. Mvua zikianza wageni wanapungua, lakini ndipo tunapopanga wa mwezi wa sita, kwa hiyo kazi haipungui, inabadilika tu. Baada ya mwezi wa saba mambo yatatulia.

Mbuzi unaweza kumwacha aendelee na shughuli zake.

Mkweo,
Mama Flavia


Mbokomu
21 Aprili 2024

Mama Flavia,

Habari za huko. Sisi hatujambo. Mvua ni kubwa, njia ya kwa Hellen imekatika, barua hii itachelewa.

Pasaka imepita. Mbuzi hana shughuli nyingine, shughuli yake ni wewe. Amenenepa mpaka anahema akisimama. Juzi alikata kamba akala mistari mitatu ya maharage yangu, nikamwacha, maana naye amengoja.

Nikuarifu jambo. Hellen alimwona mbuzi, akaona naweka samli na nimechambua ulezi, akaniuliza nani amejifungua. Nikamwambia mkwe wangu. Sikudanganya. Hakuuliza lini. Sasa Mbokomu nzima inajua una mtoto mchanga. Martha, mwenyekiti wa wanawake usharikani, alininong'oneza kwenye mnada wa mazao baada ya ibada, ni wa kike au wa kiume. Nikamwambia wa kike. Hilo nalo ni kweli.

Jumapili ile nilisinzia kanisani matangazo yakisomwa. Wakaniamsha wakati wa sadaka. Ni hili bega, halinipi kulala upande ninaoupenda.

Mwezi wa saba unaoutaja uko mbele sana. Wewe uko wapi leo?

Mama yako,
Bibi Flavia


Soweto
2 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Sitaandika mengi.

Ijumaa, saa za kumchukua Flavia, nilitoka ofisini nikatembea mpaka geti la chekechea nikasimama. Sikukumbuka nimefuata nini. Ng'ambo kuna duka, nikadhani nimefuata vocha. Nikanunua vocha, nikarudi ofisini, nikaendelea na kazi. Jioni Scola akapiga simu akasema, mtoto yuko kwangu, mwalimu amemleta. Nikamuuliza, mtoto gani.

 

Nimeomba likizo. Bosi amesema anayeondoka mwezi wa sita, wageni wakiwa ndiyo wanaanza kuingia, asitegemee kukuta kiti chake. Nikamwambia sawa. Hata sikuwa jasiri, nilikuwa nimechoka tu. Godlove amesema twende, yeye atajipikia.

Tunakuja Jumamosi. Mbuzi bado yupo?

Mama Flavia


Mbokomu
8 Septemba 2024

Mama Flavia,

Hamjambo huko. Huku nyumba imekuwa pana tangu mlipoteremka. Paka analala kwenye kitanda chenu, nimemwacha.

Sasa kwa kuwa unalala usiku kama watu, nikusimulie yaliyopita ukiwa umelala mchana.

Jumamosi ya pili baada ya kuja kwenu, wanawake wa usharika walikuja kumwona mzazi. Walikuja na vitenge, sabuni, unga wa ulezi, ndizi mshare na chupa ya mafuta ya mtoto, wanaimba tangu barabarani, Martha mbele. Nikasimama mlangoni nikawaambia mzazi amelala. Wakasema hawamwamshi, watamchungulia tu mtoto. Nikaona nitawazuia mpaka lini. Nikafunua pazia.

Wakakuona umelala, mdomo wazi, na pembeni yako Flavia ameegemeza miguu ukutani anatafuna hindi la kuchemsha.

Martha akaniuliza, "Ndiye huyu?" Nikamwambia ndiye. "Mbona mkubwa?" Nikamwambia, mama yake alichelewa kulelewa. Nikawaeleza yote pale pale, Baba Godlove, mkeka, ofisi. Nilidhani watachukua vikapu vyao waondoke. Mimi ningechukua changu.

Martha akaweka kikapu chake chini. Akasema kitinda mimba wake alizaliwa mama mkwe wake akiwa safarini, yeye akalelewa wiki moja tu, siku ya nane alikuwa anakata majani. Mwingine akasema yeye alijifungua wakati wa msiba. Wakaanza kusimulia mmoja mmoja kwa sauti ya chini wasikuamshe, wengine wakifuta macho. Mafuta wakamwachia Flavia, ndiyo yale aliyompaka paka. Tangu siku ile maziwa yalikuwa yanaletwa kwa zamu. Ulikuwa unamsifu ng'ombe wangu. Ng'ombe wangu hana maziwa yale.

Mwishoni Martha akaniuliza, "Na wewe, Mama Godlove?" Nikamwambia maziwa yanamwagika jikoni, nikaondoka.

Jambo lingine. Kile kisimu cha kitochi ulichokificha kwenye begi la Flavia nilikijua siku ya kwanza. Mtu anayekula mtori haendi chooni mara zote zile, tena kile choo cha juu karibu na kahawa, penye mtandao. Sikusema. Nilitaka kuona kitakachoisha kwanza ni chaji au ni wewe. Kilienda wapi?

Bega linasalimia. Kahawa imeanza kuiva, na nitaichuma na mkono mmoja.

Mama yako,
Bibi Flavia


Soweto
22 Septemba 2024

Mama, shikamoo.

Barua yako imenichekesha mpaka Scola akaja kuuliza kuna nini. Nimemsomea kipande cha hindi. Anasema kwao hakuna desturi ile, angeihitaji mara tatu.

Kitochi kilienda na mfongo. Nilikuwa nimekaa kwenye lile jiwe, miguu kwenye maji, yale maji ya baridi yanayouma kwanza halafu yanakuacha. Ulikuwa umeanza kuniruhusu kutoka jioni na kuchambua maharage. Kitochi kikaita mfukoni. Flavia akakichomoa, akakiweka sikioni, akasema, "Pole kwa kusubiri," akakitupa. Kilielea kidogo, kikaita tena ndani ya maji, kikanyamaza. Niliinuka nimkamate nimchape. Nikamwona amejikunja anangoja kofi, na kale kakovu kake kidevuni. Mama, hapo ndipo kilipokuja kile nilichokuwa sikisikii. Nilimshika nikalia, nikalia sana, kwa ajili ya kidevu, kwa ajili ya siku ile ya geti, vyote kwa pamoja, miezi imepita. Yeye akawa ananifuta na gauni lake lenye matope. Niliporudi ndani macho mekundu ukasema moshi wa jikoni umezidi, ukafungua dirisha. Nilijua unajua.

Wiki za kwanza nilidhani umenidanganya. Nilikuwa nalala naamka naona migomba, nalala tena, sioni tofauti. Nilikuwa nangoja dawa ianze kufanya kazi, kumbe hapakuwa na dawa iliyokuwa inakuja. Ni kulala tu, na kula, na jua la asubuhi pale kibarazani, na kutoulizwa kitu.

Sasa nikuambie la huku. Bosi amenipigia. Shedrack ndiye meneja na mambo yamemshinda, wageni wanalalamika. Anataka nirudi mwezi wa kumi. Godlove anasema niamue mwenyewe. Kukaa nyumbani siwezi, Mama, kazi naipenda, hilo nalo nililikumbuka nikiwa kwako. Lakini naogopa. Naogopa nitaingia mlangoni kwa miguu yangu na nitatoka kama nilivyokuwa.

Nitakuandikia nikiamua.

Mwanao,
Winfrida, Mama Flavia


Mbokomu
29 Septemba 2024

Mama Flavia,

Marahaba. Hatujambo.

Kama kazi unaipenda, fanya. Mimi kahawa naipenda na inaniua kila mwaka. Ila waambie kabla hujakaa, usiwaambie ukiwa umeshakaa. Ukishakaa hawasikii.

Martha ameniomba nimsaidie kumlea binti yake aliyejifungua Jumanne. Na Hellen anataka mkwe wake aje kwangu kwa sababu kwake hakuna nafasi. Nimekubali wote. Nitasemaje, nao walileta maziwa. Mtori wa leo umeungua, nilikaa kidogo kwenye kigoda macho yakajifunga.

Andika.

Mama yako,
Bibi Flavia


Mbokomu
3 Novemba 2024

Mama Flavia,

Mwezi mzima sijapata barua. Hellen anasema umerudi kazini na amekuona Mbuyuni una simu mbili, moja mkononi nyingine kwenye mkoba, unatembea haraka, ukampungia tu.

Simu mbili. Ile moja tu tulihangaika nayo.

Sikugombezi. Nimeshikwa na wasiwasi, basi. Kama umerudi kule kule niambie, nifunge mbuzi mwingine. Ingawa safari hii sijui nitachinja na mkono upi.

Flavia hajambo?

Mama yako


Soweto
17 Novemba 2024

Mama, shikamoo.

Bega lako linaendeleaje? Nauliza hilo kabla ya lolote. Barua zako zote ninazo kwenye kabati, na juzi nilizisoma tena tangu ya Januari. Karibu kila moja ina bega. Umesinzia kanisani, umeunguza mtori, unachuma kahawa kwa mkono mmoja. Nami kila mara nimeandika "natumaini hujambo" na kuendelea na ya kwangu. Uliniambia nisiandike kama ofisi, na hata uliponiambia sikuona. Naona aibu, Mama, na nakusikitikia.

Sikuandika kwa sababu sikutaka kukuahidi kitu kabla sijakijua. Nimerudi, ndiyo. Niliwaambia kabla sijakaa. Simu ya wageni sasa ni ya ofisi, inazunguka kwa watu watatu, wiki moja moja, na asiye na zamu haulizwi. Bosi alisema haitawezekana. Nikasimama kuondoka, ikawezekana. Umeneja ni wa Shedrack na aendelee nao. Hellen alinikuta kwenye zamu yangu, ndiyo maana ya simu mbili, na nilikuwa natembea haraka kwa sababu nilikuwa nachelewa chekechea.

Nafika kabla hawajatoka. Mara ya kwanza mwalimu alinikuta pale getini nimesimama mikono mitupu, akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia namngoja mtoto. Flavia akitoka ananiona kutoka mbali, anakimbia, na kila anapokimbia mimi moyo unaenda mbio asije akaanguka. Ni kero kweli. Sitaki iondoke.

Jumapili mchaichai, matembezi mpaka mtoni na Flavia, na kulala mchana. Mengine najifunza.

Sasa ya kwako. Nikiwa kwako kitandani, siku moja ukiwa umeenda kukata majani, Martha alikaa nami akanieleza. Kwamba ulimzaa Godlove kahawa ikiwa imeiva, mama mkwe wako alikuwa ameshafariki, hapakuwa na wa kukulea, na siku ya tatu watu walikuona kwenye mashine ya kumenya kahawa, mtoto mgongoni. Tangu hapo umelea wazazi wa kijiji kizima. Alinikataza nisikuambie kwamba ameniambia. Nimemwandikia kwamba nakuambia.

Nimefunga mbuzi, Mama. Yuko nyuma ya nyumba hapa Soweto, mweusi, Godlove alimpata Kahe. Scola ameshaniuliza nani amejifungua. Nikamwambia mama mkwe wangu. Hakuuliza lini.

Kahawa, Martha na wenzake watachuma kwa zamu, tumeshakubaliana. Ng'ombe aende kwa Hellen. Binti ya Martha analelewa na Martha mwenyewe, na mkwe wa Hellen atapata mtori kwa Hellen, hata kama wamebanana. Kitanda chako kiko upande wa jua la asubuhi. Utalalia bega unalopenda, tutaweka mto chini ya lile lingine.

Usiniambie Godlove ana miaka arobaini. Najua kuhesabu.

Mwanao,
Winfrida


Mbokomu
24 Novemba 2024

Winfrida, mwanangu,

Marahaba. Bega linauma. Linauma sana, na si tangu Januari, ni tangu zamani.

Barua yako imesomwa hapa na watu wengi kuliko nilivyopenda. Martha alikuja kuniuliza ng'ombe anakunywa saa ngapi kabla sijamaliza ukurasa wa pili, ndipo nikajua mmepanga wote. Nilimfukuza. Akarudi na Hellen. Nikawaambia baada ya kahawa. Hellen akasema, "Mama Flavia naye alisema baada ya mwezi wa saba." 

Miezi mitatu ni mingi, nitakaa wiki mbili. Haya, tutaona. Huyo mbuzi msimfunge juani, na asipewe majani mabichi yenye umande, atavimba. Mtori usimenye ndizi mapema, zitakuwa nyeusi. Najua hapa nafanya nini, usinijibu.

Hellen atanishusha Jumamosi na ndizi zake. Flavia anisubiri getini.

Jambo moja linanisumbua na sina wa kumuuliza ila wewe. Nimewalaza watu mchana maisha yangu yote, nikawafungia pazia nikatoka. Mimi mwenyewe sijui mtu analalaje mchana. Utanionyesha.

Mama yako